Jina la Kanga Lililopotea Ndani ya Kopo

Mama aliitandaza kanga magotini kwa makusudi. Akaivuta ncha ya kushoto, akailainisha kwa kiganja, akaivuta ya kulia, mpaka mstari wa maandishi ukalala sawasawa juu ya mapaja yake. Kanga nyekundu, herufi nyeusi: MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Ndipo akanitazama mimi, kisha akalitazama kopo la maziwa ya unga nililokuwa nimeligeuza kamera ya tundu, isiyo na lenzi, na kuliweka juu ya stuli mbele yake.

"Niangalie wapi?"

"Hapo penye tepu nyeusi."

"Nisipumue?"

"Pumua, Mama. Ila usitikisike."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua la Tanga limeshalainika, ua mzima una rangi ya asali. Nikabandua tepu. Saa yangu ilihesabu sekunde 80. Mama alihesabu kwa njia yake: alisoma Fatiha nne, taratibu, macho hayabanduki kwenye kopo. Alipomaliza ya nne nami nikairudisha tepu, tukaitikia amina kwa pamoja.

Usiku nilisafisha picha bafuni: kwanza negetivu, ambayo weupe na weusi wake ni kinyume, kisha nikaichapa kwenye karatasi nyingine. Asubuhi nikampelekea ikiwa imeshakauka.

Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Akakaa nayo kitambo.

"Jina la kanga yangu liko wapi?"

Halikuwepo. Magotini pake palikuwa na kitambaa cheusi kitupu.

Kisha akaweka kidole juu ya uso. "Na huyu ni nani?"

## Maji ya kunde

Mama ni maji ya kunde. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, tangu utotoni, na mikunjo miwili kando ya mdomo inayoonekana hata akiwa amenuna. Kwenye picha yangu hapakuwa na kovu wala mikunjo. Palikuwa na umbo jeusi, na ukuta uliokuwa nyuma yake ulitoka vizuri kuliko yeye, kila tofali na mstari wake.

Niliharakisha kujitetea. Nikamwambia jua lilikuwa limeshuka, nikamwambia karatasi ni ya zamani. Akanikatiza.

"Sisemi kwamba ni mweusi. Marehemu mama yangu alikuwa mweusi kuliko huyu, na ukimtazama unamwona. Huyu haonekani."

Akanirudishia picha na kwenda kuchambua mchele.

Maneno hayo nilikaa nayo wiki tatu. Nililala nayo, niliamka nayo. Haikuwa kwa sababu picha imeharibika. Nimeharibu picha nyingi. Ni kwa sababu kopo lile nililiamini kwa namna ambayo sijawahi kuiamini kamera yoyote, na la kwanza nililoliomba, yaani linipe uso wa mama yangu, lilishindwa.

## Kwa nini nililiamini kopo

Wengi mtakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakamiminika Rujewa, mkoani Mbeya, kuliona likibaki pete. Sisi huku Tanga tuliliona limemegwa tu. Nilikuwa nimesimama chini ya mwembe na miwani ya kuazimana, nikashusha macho, nikaona ardhi imejaa hilali. Mamia ya hilali, kila upenyo baina ya majani umetupa jua lake dogo lililomegwa. Chini ya banda la mabati ilikuwa vivyo hivyo: kila tundu la msumari lilikuwa linachora.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba tundu halihitaji kufundishwa.

Baadaye nilikuja kusoma habari za Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufariki karibu mwaka 1040. Aliandika hata risala juu ya umbo la jua lililopatwa. Lakini jaribio lake ninalolipenda zaidi ni la taa. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu linaloingia kwenye chumba cha giza, na ukutani kila taa ikatupa alama yake. Ukiifunika moja, alama yake peke yake inatoweka. Nyingine zinabaki kama zilivyo. Maana yake mianga yote inapita katika tundu moja, kwa wakati mmoja, wala haichanganyikani. Nimelirudia jaribio hilo sebuleni kwa mishumaa mitatu na boksi la viatu. Nilisisimka mwili.

Kwa hiyo nilipotengeneza kamera yangu, nilikuwa na imani. Kipande cha bati laini la kopo la soda, nikakisugua kwa msasa mpaka kikawa chembamba, nikakitoboa kwa ncha ya sindano ya mkono huku nikiizungusha. Tundu la karibu milimita 0.4. Ndani, karatasi ya picha imejikunja kufuata ukuta wa kopo. Hakuna lenzi. Hakuna programu ya kulainisha ngozi kama ya kwenye simu, ile inayowatoa mabinti zetu wote wamepauka kama waliopakwa unga. Mwanga tu, na karatasi.

Nilijiambia: hiki chombo hakina mahali pa kuficha uongo.

## Bafuni

Waliowahi kusafisha picha nyumbani wanajua ilivyo. Unangoja usiku. Unaziba dirisha. Unapanga masinia matatu sakafuni, unawasha taa nyekundu, na ghafla bafu ulilolizoea linakuwa mahali pengine.

Dawa yangu ya kwanza naipika jikoni: kahawa ya unga, magadi na vitamini C ya duka la dawa. Asili yake ni darasa moja la kemia ya picha katika chuo cha Rochester Institute of Technology, Marekani, mwaka 1995, walipogundua kwamba kahawa inaweza kuitoa picha. Si kafeini inayofanya kazi bali asidi iliyomo ndani ya kahawa, na haiamki mpaka ipate magadi. Wao hutumia soda ya kufulia. Mimi natumia magadi haya haya tunayolainishia maharage, nayakaanga kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka yakauke kabisa, maana yakiwa mabichi hayana nguvu ya kutosha. Ya sokoni yana chumvi na mchanga, kwa hiyo nayayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa, na vipimo nimevipata kwa kujaribu. Kahawa ni Africafe ya Bukoba. Harufu yake ikishachanganyika na magadi haisemeki. Mama huweka mto chini ya mlango wake.

Dawa ya kukaza picha lazima uinunue: sodiamu thayosalfeti, ile ambayo tangu enzi za Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, inaitwa hypo, nasi tunatamka haipo. Kazi yake ni kuondoa kwenye karatasi kila chembe ya fedha ambayo mwanga haukuigusa. Jina hilo kwa Kiswahili limekaa mahali pake kabisa. Kilichoguswa na mwanga kinabaki. Kisichoguswa, haipo.

Nilifanya haya yote kwa miezi. Na muda wote huo taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

## Wiki tatu

Kwanza nilidhani ni muda. Hesabu yangu ya sekunde 40 niliipata saa sita mchana, kwenye jua kali. Kwa jua la jioni niliizidisha mara mbili kwa kukisia. Basi nikarudia na dakika tatu. Uso ukafunguka kidogo. Ukuta ukaungua wote ukawa mweupe. Kanga ikabaki nyeusi.

Nikarudia kwa mara ya tatu, safari hii Mama yuko upande wa nyumba wenye kivuli, mbingu wazi juu yake, dakika tano nzima. Alikubali, ila alileta tasbihi. Uso ukatoka vizuri kuliko wakati wowote. Kovu nililiona kwa shida. Kanga, nyeusi tii.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kwenye kivuli, penye mwanga mchache, ameonekana zaidi kuliko kwenye jua la jioni, mwanga ambao kila mpiga picha anaukimbilia. Na kitambaa chekundu, rangi inayomwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, kopo halikioni kabisa.

Nilianza kufikiria niache. Nasema kweli. Nilikuwa nimewaahidi shangazi na mama wadogo kwamba nitawapiga wote, kila mmoja na kanga aipendayo, na sasa nilijiona naenda kuwakusanya wanawake wa ukoo wetu ili niwageuze vivuli. Kuna picha za kutosha za namna hiyo duniani.

## Kanga dirishani

Jibu lilikuja usiku ambao sikuwa nalitafuta. Blanketi nililokuwa nazibia dirisha la bafu lilikuwa limefuliwa, halijakauka. Nikamwomba Mama kitambaa chochote kizito. Akanipa kanga, ile ile, doti yake nzima, imekunjwa.

"Si haina jina? Zibia dirisha."

Nikaitundika. Nikazima taa ya kawaida, nikawasha nyekundu.

Kanga ikawa nyeupe.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Chini ya taa nyekundu, ule wekundu wote ulipauka ukawa kama shuka, na herufi nyeusi zikasimama juu yake, kubwa, wazi, kuliko zinavyosomeka mchana. MAMA NIPE RADHI. Nilisimama mbele yake na sinia mkononi. Na chini, sakafuni, karatasi yangu ya picha ilikuwa wazi imelala kwenye mwanga ule ule uliokuwa unaiangaza kanga, haijabadilika, haijaguswa.

Ndiyo maana tunatumia taa nyekundu. Kila mtu analijua hilo. Nililisoma siku ya kwanza. Karatasi ya picha haioni mwanga mwekundu. Inaona buluu, nyingine na kijani kidogo, basi. Nililipokea hilo kama habari njema, kwamba naweza kufanya kazi huku naona. Sikuwahi kujiuliza upande wa pili: kama haioni taa yangu, inaona nini inapomtazama Mama?

Ngozi ya maji ya kunde humeza buluu nyingi na kurudisha wekundu na manjano. Huo ndio uhai wake, huo ndio mng'ao tunaousifu. Jua la jioni nalo limeshapungukiwa na buluu, limebaki dhahabu. Kwa hiyo mimi nilichukua mwanga usio na buluu, nikauelekeza kwenye uso usiorudisha buluu, nikauandika kwenye karatasi isiyojua kitu kingine ila buluu. Kivulini mwanga ulikuwa unatoka mbinguni, ambako buluu ni tele, ndiyo maana kovu likaonekana.

Tundu halikuwa na kosa. Tundu lilipitisha kila kitu: wekundu, kovu, jina, vyote vilifika mpaka ndani ya kopo na kutua juu ya karatasi. Vilifika kwa asiyeviona.

Nilikaa kwenye ukingo wa bafu mpaka dawa ikapoa. Sikusafisha picha yoyote usiku ule.

## Walioko kwenye picha za zamani

Tangu hapo siwezi kuzitazama picha za kale za pwani kama nilivyokuwa nikizitazama.

Mnazijua. Zile za mwishoni mwa karne ya 19, za studio za Unguja kama ile ya A. C. Gomes, au za wasafiri waliopita na mizigo ya vioo. Mzungu amekaa katikati, amevaa nyeupe, kila kifungo kinahesabika. Pembeni wamesimama watu wetu, na nyuso zao ni giza. Unaona weupe wa macho na meno. Nimekuwa nikizitazama tangu shule ya msingi, na nilikuwa na maelezo mawili tu kichwani: ama ndivyo walivyokuwa, ama mpiga picha hakuwajali.

La pili bado naliamini. Lakini kulikuwa na la tatu. Sahani za kioo zilizotumika zama zile kunasia picha zilikuwa na upofu ule ule wa karatasi yangu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukiitilia dawa ya picha rangi fulani, za jamii ya zile za kutilia vitambaa, inaanza kuuona mwanga iliokuwa haiuoni. Nikifikiria kwamba rangi ya kitambaa ndiyo iliyoifumbua macho picha, namfikiria Mama na kanga yake. Hata hivyo, sahani zenye kuona rangi zote, nyekundu ikiwemo, zilianza kuuzwa mwaka 1906, na kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye kwa waliotumia vifaa vya bei nafuu, kila uso wa rangi yetu ulipita kwenye chujio ambalo hakuna aliyelitaja.

Na kanga zao. Nikiona mwanamke wa Unguja kwenye picha ya miaka ile, amejitanda kitambaa cheusi chenye madoa meupe, siku hizi najiuliza: ni cheusi kweli? Huenda kilikuwa chekundu kama damu ya mzee. Huenda alikinunua kwa sababu ya wekundu huo, akakivaa siku ya picha makusudi, akakitandaza vizuri kama Mama alivyofanya. Hatuwezi kujua tena. Nyekundu na nyeusi zimekwisha kuwa kitu kimoja, na sisi tumeridhika kusema kwamba bibi zetu walipenda nguo za giza.

Sikulitafuta jambo hili. Nilikuwa naziba dirisha.

## Gizani kabisa

Dawa ya upofu wa karatasi ni mkanda wa kawaida, wa nyeusi na nyeupe, unaoona rangi zote. Binamu yangu alikuwa anakuja kutoka Uingereza. Nikamwagiza miwili, Ilford FP4, mipana, ya kamera za zamani. Ilipofika niliishika kwa hofu kidogo, kwa kuwa nilijua inachodai. Mkanda unaoona wekundu unaiona na taa yangu. Sitakuwa tena na mwanga wowote bafuni. Kila kitu kwa kupapasa.

Nilifanya mazoezi siku nne, macho nimeyafumba, na kipande cha plastiki. Kukata kipande cha sentimita 10. Kujua upande wenye dawa, ule unaonata kidogo ukiugusa kwa mdomo. Kukibandika ndani ya kopo bila kukikwaruza. Nilikata kucha mpaka nyamani, sababu kwa joto letu dawa iliyo juu ya mkanda hulainika kama malai, na ukucha mmoja unatosha kupitisha mfereji usoni mwa mtu.

Joto lenyewe ni habari nyingine. Vitabu vyote vinasema nyuzi 20. Maji ya bomba letu mwezi ule yalikuwa 29. Nilinunua barafu kwa jirani, zile za mifuko, nikazipanga kwenye beseni kuzunguka jagi, nikafanikiwa kushusha hadi 24. Nikapunguza muda kutoka dakika 15 hadi 11 na kumwachia Mungu.

Mama alikaa upande wenye kivuli, saa tatu asubuhi, kanga imefuliwa na kunyooshwa. Hesabu yangu ilisema sekunde 33. Nikamwambia itakuwa Fatiha moja na nusu hivi.

"Fatiha haikatwi nusu," akasema.

Basi tukaenda na mbili. Mkanda haugombi ukizidishiwa mwanga kidogo, unagomba ukipunjwa.

Bafuni niliziba kila penye ufa, nikakaa dakika tano nikitafuta nyota yoyote ya mwanga. Hapakuwa na kitu. Simu sikuweza kuingia nayo, na saa yangu ina mishale ya kung'aa. Mama akaleta kiti, akakaa nje ya mlango na saa ya ukutani mapajani.

"Anza," akasema.

Nikakizamisha kipande kwenye dawa, nikawa nakivuta huku na huku kwa ncha za vidole. Ilikuwa baridi, baridi ngeni kwa vidole vya Tanga. Sikuona chochote. Nilisikia maji, na nilisikia sauti yake ng'ambo ya mbao ikiita dakika moja moja, bila haraka, kama anavyoniita kula.

"Tatu."

"Nne."

Kufika saba nilipotewa na upande. Sikujua tena dawa iko juu au chini, nikaacha kuvuta, nikakishika kingo tu, nikangoja. Huo ndio wakati niliokuwa karibu zaidi na kukata tamaa, na hakuna aliyejua, kwa vile giza lilikuwa kamili na mimi nilinyamaza.

"Kumi na moja. Toa."

Maji. Haipo. Dakika kumi nyingine, nazo akazihesabu. Kisha nikafungua mlango, jua likanipiga, nikakiinua kipande kikiwa kinachuruzika.

Negetivu ni kinyume, Mama alishajua. Hakuulizia uso kwanza. Alinyoosha mkono akakigeuza upande wa pili ili herufi zisomeke, akakielekeza mbinguni, akakunja macho. Kanga ilikuwa kijivu. Juu yake, kwenye nafasi ndogo kuliko unene wa punje ya mchele, herufi zimepangana, kingo zake laini kidogo kama zilizoandikwa kwa mkaa.

"Mama... nipe... radhi," akasoma. "Kuishi... na... watu..."

Akanyamaza. Akakisogeza karibu.

"Kazi iko wapi?"

Nikatazama. Neno la mwisho lilikuwa limeingia kwenye mkunjo wa goti.

"Na kovu langu lipo," akasema, akiwa bado anatazama juu. "Hili hapa. Jeupe."

Akanirudishia kipande kwa kushika kingo, kama alivyoniona nikifanya. Akaenda kwenye stuli, akalisogeza kopo kidogo kushoto, akarudi kukaa na kuanza kuivuta kanga upande wa kulia.